Nilimgeuza Mchawi Mkunga Aliyenipokea Duniani

Nimekosa jamani. Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nimejaribu kumsingizia prodyuza, nikamsingizia mama mkwe, nikafika hadi kumsingizia shetani, na maskini shetani siku ile wala hakuwapo. Niliyeandika ni mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Jina langu niachieni. Na huyo niliyemkosea nitamwita Bi Mize, ingawa silo jina lake. Watu wa kwetu Pemba mkisoma mtamjua tu. Basi mkimjua, mkikutana naye mpeni mkono.

Ngoja nianze na baba, maana kila kitu kilianza na kitabu chake.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa skuli, na aliandika kitabu kimoja tu maishani mwake, cha kuchekesha, kinaitwa Pepo la Faki Mvivu. Waliosoma skuli za kwetu zamani wanakijua. Kilipita mkono hadi mkono mpaka majalada yakatoka. Barazani mtu mmoja anasoma, wengine wanashika mbavu.

Kisa chenyewe ni hiki. Faki ni mwanamume wa Vitongoji, mzima wa afya, ila yeye na kazi hawapikiki chungu kimoja. Msimu wa karafuu ukifika, wenziwe wakishika njia ya shamba, yeye anajitupa chini anakoroma, halafu anasema kwa sauti ya puani: "Mimi sitaki mkarafuu! Nataka kuku wa kienyeji! Nataka halua! Nataka nikunwe mgongo!" Na mkewe, masikini ya Mungu, anachinja kuku.

Kijiji kizima kinaamini isipokuwa mtu mmoja, Bi Kidawa, mkunga, jirani yake. Yeye kila siku anamfuma Faki katika uongo wake. Mwisho Bi Kidawa naye anajitia kapandwa na pepo, tena kubwa kuliko la Faki, na pepo hilo linaamuru Faki apande mkarafuu mrefu kuliko yote, asishuke mpaka pakacha lijae. Ukisoma hapo Faki yuko juu ya mti analia, na Bi Kidawa yuko chini anakoroma huku anakula ile halua, utacheka mpaka utoke machozi.

Kitabu kizima hakina pepo hata moja la kweli. Kila msomaji anajua ni uongo wa Faki, na ndiyo maana anacheka. Naomba mlishike hilo.

Bi Kidawa wa kitabuni ndiye Bi Mize wetu. Baba hakuficha, na Bi Mize mwenyewe alikuwa akijivunia. Ukimuuliza, "Bi Mize, ndiwe wewe kwenye kitabu?" anakujibu, "N' mie. Ila mie n' mzuri zaidi, babako kanipunja sura." Kisha anacheka kile kicheko chake cha kifuani.

Siku hizi tunazalia hospitali, lakini arubaini, zile siku arubaini za uzazi, ni ya nyumbani, na arubaini ya kijijini kwetu ilikuwa ya Bi Mize. Anakuja asubuhi na chungu chake cha mafuta ya nazi. Anakukanda tumbo, anakufunga mkaja wa kitambaa tumboni, anamkosha mtoto, anamnyoosha viungo, na huku anakanda anamsomea sura ya Kul huwa Allahu kwa sauti ya chini. Kitovu cha mtoto kikidondoka, anakwenda kukizika chini ya mnazi, na mnazi ule unakuwa wa mtoto. Mimi nilipozaliwa, mikono ya kwanza kunigusa duniani ilikuwa yake. Mwanangu wa kwanza naye kamkanda yeye, na kitovu chake kakizika yeye, mnazi wenyewe uko nyuma ya nyumba.

Sasa njooni kwenye balaa.

Ikaja kampuni moja ya tamthilia kutoka Dar. Walisikia habari za kitabu, wakanitafuta mimi mtoto wa mwandishi, na kwa kuwa nami nilikuwa najua kuandika michezo kidogo, wakasema niigeuze mwenyewe hadithi ya baba iwe ya televisheni. Jamani! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Prodyuza wao ni kijana mpole, anasema haraka haraka. Akaniambia, "Dada, kitabu ni kitamu. Lakini hakina pilipili."

"Pilipili gani?"

"Dada, na wewe unaniuliza? Pemba hii! Watu wakisikia Pemba wanataka waogope kidogo. Tia uchawi. Kidogo tu, si sana."

Mpemba yeyote aliyewahi kutoka kisiwani anayajua haya. Unakaa na wenzio chuoni, wanakuuliza kwenu wapi, unasema Pemba, mtu anavuta kiti nyuma: "Ewe, usije ukaniroga!" Wote wanacheka na wewe unacheka, utafanyaje? Lakini ndani kinakuchoma. Mimi nimechekwa hivyo miaka yangu yote ya chuo, hadi mwenzangu wa chumbani alikuwa hanipi mswaki wake kuushika. Nilipaswa niwe wa kwanza kusema hapana.

Nikasema sawa.

Kwa nini? Kiroho cha sifa, basi. Nilitaka jina langu lipite kwenye kioo na watu walisome.

Na hapa ndipo penye kosa lenyewe. Wao walitaka kidogo tu. Paka anapita, taa inazimika, mambo kama hayo. Mimi nikakaa, nikafikiri, nikajiona mjuzi. Nikajiuliza: mchawi awe nani? Faki hafai, Faki anachekesha. Nikamwangalia Bi Kidawa. Mwanamke mzee, mjane, anaishi peke yake, na kila akizaliwa mtoto yeye yumo ndani. Nikasema, huyu!

Nikaandika kwamba pepo la Bi Kidawa ni la kweli. Nikaandika kwamba kitovu cha mtoto hakiziki. Anakichukua chini ya buibui mpaka kwake, anakitia katika chungu chini ya kitanda, na mtoto anaanza kunyauka, na yeye anazidi kupata nguvu. Ile Kul huwa Allahu ya sauti ya chini nikaiondoa, nikamtilia manuizo yasiyoeleweka. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilichukua yale yote niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa nimelala ndani ya mkaja alionifunga yeye, nikayapindua.

Prodyuza aliposoma alisimama kitini. "Dada! Hii ndiyo yenyewe!"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi.

Wakati wa kupiga picha wakataka nyumba. Bi Mize akatoa yake, bila hata kuulizwa mara mbili. "Kitabu cha babako, nitakunyimaje?" Akawapikia pweza wa nazi na mikate ya kumimina. Akamfundisha yule mwigizaji namna ya kumshika mtoto mchanga, namna ya kufunga mkaja. Mwigizaji hakuwa na leso ya kizee, Bi Mize akavua yake mabegani akampa. Hata kile chungu ni chake.

Halafu akanivuta uwani, akaniuliza, "Mwanangu, na pale ninapompandisha Faki mkarafuu, mmepatia?"

Pale tulishapafuta zamani.

Nikamwambia, "Tumepatia, Bi Mize."

"Alhamdulillahi," akasema. "Pale babako alicheka mwenyewe akiandika. N'lisikia kutoka kwangu."

Hivi mimi moyo wangu ulikuwa wa nini? Hebu niambieni!

Mchezo ukaanza kuoneshwa. Bi Mize hana televisheni, akawa anakuja kutizama kwetu pamoja na wanawake wa jirani. Anavaa vizuri, kajifukiza udi, anakaa mbele kwenye mkeka. Mwanzo mambo yalikuwa matamu, Faki anagaragara, watu wanacheka. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa karibu na mlango, maana nilijua kinachokuja.

Kikaja. Nyumba ile ile, kitanda kile kile, leso ile ile, yule mwanamke anainama anakivuta chungu na kutoa kitovu cha mtoto. Kicheko kikakatika. Nikasikia mtoto mmoja anamuuliza mamake, "Mama, si kwa Bi Mize pale?" Mama akamziba mdomo.

Bi Mize alitazama mpaka mwisho. Kisha akajifunga leso, akasimama kwa kushika ukuta, akasema, "Haya. Nyumba yangu imetoka nzuri. Kwaherini." Hakunitazama.

Nilimfuata kesho yake. Nimejiandalia maneno mengi. Aliniuliza moja tu: "N'liweka kitovu cha nani chunguni mie?"

"Bi Mize, ule ni mchezo tu. Yule si wewe."

"Na leso?"

Nikaaga.

Msidhani watu walimvamia au kumtukana. Laiti wangemtukana, angepata la kujibu! Kwetu mambo haya yanakwenda kwa adabu. "Bi Mize, leo usisumbuke, mtoto kalala." "Bi Mize, daktari kasema asikandwe." Vile vipande vya video vikawa vinazunguka kwenye simu, watu wanatumiana na alama za kucheka. Mtoto wa mtu akapata mafua, watu wakaambizana kwamba Bi Mize alipita njia ile jana yake. Salamu anaitikiwa, lakini mtu anaitikia huku anatizama chini. Mkunga aliyepokea nusu ya kijiji akawa anakaa barazani kwake asubuhi nzima na chungu cha mafuta, hapiti wa kumwita.

Na mimi nikijiambia, aah, watu watasahau. Mchezo utakwisha.

Mimba yangu ya pili ikafika. Mama yangu mzazi keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo baada ya hospitali nikapelekwa kwa mama mkwe. Mtoto wa kiume, mashallah, mzito. Na asubuhi moja, niko kitandani namnyonyesha, nikasikia nje, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Bi Mize. Hakuitwa. Alikuja mwenyewe na chungu chake, kajitanda leso safi.

Nimelifikiri hili mara nyingi. Alikuja kwangu kwa sababu alijua nyumba zote zingeweza kumkataa, si yangu. Nani duniani alijua kuwa uongo ule ni uongo, kuliko mimi niliyeutunga?

Mama mkwe akamzuia mlangoni. Kwa heshima, sitasema uongo, kwa heshima kabisa. "Bi Mize, umefanya vyema kuja kutupa mkono. Ila ntoto hatokandwa. Tumeamua hivyo."

"Nani kaamua?"

"Sie watu wa nyumba."

"Na mwenyewe mamake kaamua?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Wote wakanigeukia, mama mkwe, mawifi zangu, na Bi Mize pale kizingitini. Neno moja tu lilitakiwa kwangu. Mpitisheni. Basi! Neno moja, na lingemaliza kila kitu, maana nani angebishana na mwenye mchezo?

Niliitazama mikono ya Bi Mize, imeshika kile chungu. Na hapa nawaambia siri ambayo hata mume wangu hajaisikia. Niliogopa. Wallahi niliogopa! Mimi! Nilimkumbatia mwanangu kifuani kama kwamba anakuja kuchukuliwa kitovu. Mchawi nimemtunga mwenyewe, mezani kwangu, huku nakunywa chai, na mimi mwenyewe nikamuogopa.

Nikageuza uso ukutani.

Nikasikia Bi Mize anasema, "Haya mwanangu. Hongera." Kisha nikasikia ndara zake zinakwenda. Walipotoka wote chumbani ndipo nikaanza kulia na kusema, mwiteni, mwiteni jamani! Mume wangu akaja akaniambia nipumzike, uzazi unachosha.

Hakukaa sana kijijini baada ya hapo. Akafunga nyumba akahamia kisiwa cha Fundo, kwa mtoto wa ndugu yake. Watu wakasema kaenda kupunga upepo.

Mwanangu alipoanza kutambaa nikashindwa kuvumilia. Nikenda Wete, nikapanda boti, nikavuka naye hadi Fundo. Njia nzima najipanga: nitamwangukia, nitambusu miguu, nitalia.

Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniua. "Shikamoo Bi Mize." "Marahaba mwanangu, karibu, kaa kitako." Chai, maandazi, habari za kijijini, fulani kaolewa? Fulani kapona? Nikalia, akanipa leso nijifute. Nikamuomba radhi, akasema, "Nimekusamehe tangu siku ile. Babako alikuwa rafiki yangu, siwezi kumuudhi kaburini."

Mimi nikadhani yamekwisha.

Mtoto, ambaye hajui chochote cha dunia, akatambaa mpaka kwake akamshika pindo la leso, akawa anajivuta asimame. Bi Mize akainua mikono yake juu. Yote miwili, juu, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Mtoto anang'ang'ania leso, na yule mama kaweka mikono hewani.

"Nchukue mwanao," akasema.

"Bi Mize, mshike. Nakuomba. Mshike tu kidogo."

"Sitomshika."

"Kwa nini, na umenisamehe?"

"Akirudi leo na homa, utasema nini?"

"Sitasema kitu! Naapa sitasema!"

"Kwa mdomo hutosema, najua. Moyoni je?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumjibu haraka, na jibu la haraka halikuja. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole, hata hakukasirika.

"Basi," akasema. "N'liyaona macho yako siku ile, mwanangu. Maneno ya watu siyajali, watu hawanijui. Weye unanijua."

Akamwita mtoto wa ndugu yake aje amtoe mwanangu kwenye leso.

Nimerudi nikawapigia kampuni, nimewasihi waufute mchezo. Wameniambia umeshauzwa kwengine, na wanataka kutengeneza msimu wa pili, yule bibi mchawi watazamaji wanampenda sana. Nimekataa kuandika. Wamesema hakuna neno, watampa mwengine. Na kitabu cha baba, watu wakikitaja siku hizi wanasema, "Aa, kile cha yule mchawi wa vitovu!" Mzee wangu aliyeandika watu wacheke, anatajwa hivyo. Hakuna tena anayemkumbuka Faki juu ya mti.

Juzi binti yangu mkubwa karudi kutoka skuli kaninunia. Nikamuuliza una nini? Akasema wenzake wamemwambia kitovu chake kimeliwa. Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya nyumba nikamuonesha mnazi wake. Nikamwambia, "Kiko hapa. Kakizika Bi Mize, nimeona kwa macho yangu. Aliyesema uongo kwenye televisheni ni mimi mamako." Akanitizama, akauliza, "Sasa mbona hujawaambia?"

Ndio nawaambia.

Enyi mnaochukua vitabu vya wazee wetu mkavipeleka kwenye kioo, nawaonya mimi niliyekwisha kuungua. Mwandishi wa kuchekesha alimcheka mvivu, alimcheka muongo, mjane hakumgusa. Ukiona kitabu hakina pilipili, basi usile, lakini usimkamulie mtu machoni. Na msidhani watu watajua ni mchezo. Mimi niliyeuandika sikujua!

Na nyie wengine, msioandika lolote, nanyi nawasihi. Akichafuliwa mtu mbele yako na wewe unaujua ukweli, useme pale pale, mlangoni, wakati bado yuko amesimama na anakusikia. Usisubiri watu watoke. Mimi nilisema baadaye, nikalia sana, nikamtetea kwa kila neno jema, na chumbani alikuwamo mtoto mchanga peke yake.